Kutoka darasa la uchumi hadi kiti cha gavana: maswali tunayoulizwa Lubumbashi kuhusu Profesa Benno Ndulu

Jumamosi mchana tunakaa kundi dogo katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: wanafunzi wa uchumi, walimu wawili watatu, na mara nyingi kambista (mbadilisha fedha) mmoja wa barabarani ambaye maswali yake huwa mazito kuliko ya wote. Mimi ndiye ninayeshika chaki. Tangu tuanze kusoma maisha ya Profesa Benno Ndulu, maswali yaleyale yanarudi kila anapoingia mgeni, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nimeyapa namba ili jambo lililokwisha kujibiwa nisilirudie.

## Mambo ya msingi

1. Benno Ndulu alikuwa nani?

Alikuwa mwanauchumi wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki tarehe 22 Februari 2021. Aliongoza Benki Kuu ya Tanzania, BoT, kwa miaka kumi: Januari 2008 hadi Januari 2018. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiongozi wa taasisi ya utafiti mjini Nairobi, kisha mtumishi wa Benki ya Dunia.

Hesabu vizuri. Miaka ya kiti ni kumi, miaka ya maandalizi ni karibu thelathini. Watu huisoma ile kumi kwa sababu ndiyo iliyotangazwa magazetini. Sisi tunaisoma ile thelathini, na kurasa hizi zinaelemea huko kwa makusudi.

2. «Mwanauchumi wa maendeleo» ni mtu wa namna gani? Si sawa na mtu wa benki?

Si sawa. Mtu wa benki anakuuliza: nikikukopesha, utanilipa? Mwanauchumi wa maendeleo anauliza kwa nini jimbo lenye shaba na kobalti nyingi namna hii linakula bukari ya unga uliotoka Zambia. Anatazama barabara, mvua, shule, kodi, vita, na jinsi serikali inavyotumia pesa, halafu anatafuta ni kipi kati ya hivyo kinachowafunga watu miguu.

Mtu kama huyo akipewa benki kuu, faida yake ni kwamba anajua namba za mfumuko wa bei zinaishia kwenye sufuria ya nani. Hatari yake ni kutaka benki kuu ifanye kila kitu: ijenge barabara, ikopeshe wakulima, ilipe madeni ya serikali. Ndulu alikuwa ameandika kwa miaka mingi juu ya nchi zilizoumia kwa njia hiyo (tazama swali la 7).

3. Gavana anafanya kazi gani hasa? Ndiye anayetulipa mishahara?

Hapana. Mishahara, bajeti na kodi ni kazi ya serikali. Kwa upande wetu, ibara ya 176 ya Katiba ya 2006 inaipa Banque Centrale du Congo (BCC), benki kuu yetu, kazi ya kutoa noti, kutunza fedha za umma, kulinda thamani ya franka, kuamua sera ya fedha, kusimamia mabenki na kuishauri serikali. Ibara hiyohiyo inasema benki hiyo iko huru katika kazi zake.

Vifaa vyake ni vichache. Kuna riba elekezi, yaani bei ambayo benki kuu inawakopesha mabenki. Kuna akiba ambayo kila benki lazima iweke kwake. Kuna kuuza au kununua dola ili franka isiyumbe. Agosti 2023 BCC ilipandisha riba elekezi kutoka asilimia 11 hadi 25 kwa mara moja, na wiki hiyo kambista wetu alikuja na swali ambalo nimelijibu kwa urefu katika swali la 12.

4. Kwa nini tumsome Mtanzania, sisi Wakongomani?

Kwa sababu tunamwelewa. Mijadala ya Bunge la Tanzania, magazeti na hotuba viko katika Kiswahili, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuvifuata bila kamusi. Tena matatizo ni ya jirani: nchi iliyotoka kwenye uchumi wa amri, sarafu iliyokwisha kuporomoka, watu wengi wasio na akaunti benki. Kuhusu magavana wetu wenyewe, nenda swali la 13.

## Njia aliyopita

5. Alisoma wapi?

Shahada ya uzamivu aliipata Northwestern University, karibu na Chicago, Marekani, mwaka 1979. Akarudi Dar es Salaam kufundisha.

Tarehe hiyo ya kurudi ina uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi wa Tanzania ulikuwa umekwama: bidhaa zimepotea madukani, fedha za kigeni hakuna, na serikali imegombana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere alistaafu urais mwaka 1985, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, mkataba na Shirika hilo ukatiwa saini. Katika miaka hiyo walimu wa uchumi wa chuo kikuu walibishana hadharani kuhusu njia ya kutokea. Ndulu alikuwa mmoja wao. Alijifunza siasa ya sarafu pale ambapo kosa linaonekana kwenye rafu tupu.

6. AERC ni kitu gani, na kwa nini mnairudia kila wiki?

Ni taasisi ya kuwafundisha na kuwaunganisha watafiti wa uchumi wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1988, makao yake Nairobi. Ndulu aliongoza kwanza utafiti, kisha taasisi nzima, katika miaka ya 1990.

Tunairudia kwa sababu ilibadilisha jambo moja la msingi. Kabla yake, takwimu za nchi ya Kiafrika mara nyingi zilichambuliwa Washington au London, halafu waziri akaletewa majibu yaliyokwisha kupikwa. AERC ilimpa mwalimu wa Kampala au Ibadan fedha kidogo za utafiti, ikamwita mara mbili kwa mwaka mbele ya wenzake, na wenzake wakaitoboa kazi yake bila huruma mpaka ikawa imara. Mwaka 1993 ikaanza mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili kati ya vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Upande wa Kifaransa nao ulipata mpango wa namna hiyo, PTCI, wenye makao Ouagadougou.

Sasa tazama waliopita humo. Njuguna Ndung'u alikuwa mkurugenzi wa mafunzo wa AERC kabla ya kuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya, 2007 hadi 2015. Baadaye akarudi kuiongoza AERC yenyewe. Kwa miaka saba, benki kuu mbili jirani, Nairobi na Dar es Salaam, ziliongozwa na watu waliotoka katika kibanda kimoja cha kazi. Hilo halikuwa bahati. Mtu alikaa miaka akitengeneza mafundi, na mafundi wakapatikana siku walipohitajika.

7. Aliandika nini, na alifanya nini Benki ya Dunia?

Benki ya Dunia alikuwa mtaalamu wa uchumi mkuu, kwanza kwa ajili ya Tanzania, kisha kwa eneo zima la Afrika. Kabla yake, mwaka 1995, alikuwa katika kundi la washauri watano huru, likiongozwa na Gerald Helleiner wa Canada, lililotazama ugomvi kati ya serikali ya Tanzania na wafadhili wake. Ripoti yao iliwaambia pande zote mbili ukweli: wafadhili wanaingilia mno, na serikali imelegea.

Kazi yake kubwa ya kitabuni ni utafiti wa pamoja juu ya ukuaji wa uchumi Afrika tangu 1960 hadi 2000, uliochapwa na Cambridge mwaka 2008. Wahariri wa juzuu ya kwanza ni watano, na wawili kati yao walikuja kuwa magavana wa benki kuu: Ndulu, na Charles Soludo wa Nigeria. Humo watafiti walitaja maradhi manne yaliyokwamisha nchi zetu: serikali kudhibiti kila soko, kugawa mali kwa upendeleo wa kabila au jimbo, kutumia leo pesa za kesho, na utawala wa nchi wenyewe kuvunjika. Nilipoyaandika ubaoni mara ya kwanza, darasa lilikaa kimya. Kisha mwanafunzi mmoja akasema: «Mwalimu, sisi tulipata yote mane.»

8. Kiti cha gavana alikipataje?

Kwa mlango mgumu. Mwaka 2007 aliingia BoT kama naibu gavana. Wakati huo wakaguzi wa nje walikuwa wanachunguza akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyotunzwa na benki hiyo, na waligundua malipo yasiyo halali ya shilingi bilioni 133 yaliyofanywa katika mwaka wa fedha 2005/06. Januari 2008 Rais Kikwete akamwondoa gavana Daudi Ballali na kumteua Ndulu.

Kwa hiyo siku ya kwanza alikuta nyumba yenye moshi. Mwaka huohuo msukosuko wa fedha wa dunia ukaanza.

## Miaka kumi ndani ya BoT

9. Alifanikiwa kuzuia mfumuko wa bei?

Jibu la kweli: ulimshinda mwaka mmoja, kisha akaushinda. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Ukame ulikuwa umepandisha chakula, mabwawa ya umeme yalikuwa makavu, mafuta ghali, na shilingi ilianguka. Benki kuu haitengenezi mvua. Inachoweza ni kuzuia moto wa chakula usisambae hadi kwenye kodi ya nyumba, nauli na mishahara. Ndulu alikaza fedha: riba ikapanda, mabenki yakabanwa. Baada ya miaka michache mfumuko ulirudi karibu na asilimia 5.

Angalizo kwa wanafunzi: enzi zake BoT iliongoza kwa kupima wingi wa fedha. Utaratibu wa kutangaza riba ya benki kuu kama kiongozi ulianza Januari 2024, baada yake. Msichanganye katika mtihani.

10. Pesa za simu zinamhusu vipi?

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, miezi michache baada ya yeye kukalia kiti. Hapakuwa na sheria ya kuisimamia. Gavana mwoga angesema: subirini sheria. Gavana mzembe angesema: endeleeni tu. BoT ilitoa barua za kutokuwa na pingamizi: kampuni ya simu ishirikiane na benki, pesa za wateja zikae katika akaunti ya dhamana ndani ya benki, na benki kuu itazame kila hatua. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2015, ikiwa imeandikwa na watu waliokwisha kuona kitu kikifanya kazi kwa miaka saba.

Mwaka 2014 mitandao ya Tigo, Airtel na Zantel ikakubaliana pesa zitoke simu ya mtandao mmoja ziingie moja kwa moja simu ya mwingine; Vodacom ikajiunga 2016. Wakati huo nchi nyingi zilikuwa bado zinajadili kama jambo hilo linawezekana. Huku kwetu M-Pesa iliingia mwaka 2012, na leo mama anayeuza sombe analipwa kwa simu huku mikono ikiwa na majani.

Hii tabia ya kutazama kabla ya kukataza ndiyo tabia ya mtafiti. Aliileta kutoka darasani (swali la 6).

11. Hakulaumiwa kwa lolote?

Alilaumiwa. Mwaka 2013 fedha za akaunti ya escrow ya Tegeta, zilizotunzwa BoT wakati shirika la umeme TANESCO likigombana na kampuni ya IPTL, zilitolewa. Novemba 2014 Bunge lilichachamaa. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu. Ndulu alibaki kitini, na wapo ambao hawakuridhika. Mjadala huo uko wazi, someni pande zote.

Pia benki zilifungwa mikononi mwake: FBME ilinyang'anywa leseni mwaka 2017, na Januari 2018, siku zake za mwisho, benki ndogo tano zilifutwa kwa sababu mtaji wake haukutosha. Wenye akiba humo waliumia, na uchungu wao ni wa haki. Hata hivyo naona kufunga benki mgonjwa mapema ni afadhali kuliko kuiacha iendelee kupokea akiba za watu.

## Na sisi huku?

12. Kwa nini gavana wetu asiamuru tu dola ishuke?

Hili ni swali la kambista wetu. Meza yake ni ubao juu ya ndoo mbili. Mafungu ya franka yamekazwa kwa raba, na ukimletea dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha anakurudishia bila kusema neno. Watu wanampita wakiuliza: «Taux iko ngapi leo?», yaani dola moja ni franka ngapi. Hakuna anayeuliza riba elekezi iko ngapi.

Sababu iko kwenye kumbukumbu. Mwanzoni mwa 1993 wafanyabiashara walikataa noti ya milioni 5 za zaire, pesa yetu ya wakati huo, na askari waliolipwa nayo wakapora Kinshasa. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 mfumuko ulizidi asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha: franka moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani bilioni 300.

Baba yangu aliweka zaire katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, ili anunue mabati. Alipolifungua, zile pesa hazikutosha misumari. Kopo lile bado liko nyumbani, mama anawekea vifungo. Nani atamwambia baba aweke akiba kwa franka? Leo takriban tisa kwa kumi ya akiba zilizo katika mabenki ya Kongo ni fedha za kigeni. Ndiyo maana riba ile ya asilimia 25 juu ya franka, ya mwaka 2023, iligusa sehemu ndogo tu ya uchumi: aliyekopa kwa dola hakuisikia. Tanzania ya Ndulu ilikuwa na shilingi ambayo watu waliendelea kuitumia sokoni, na kwa hiyo kila hatua yake iliwafikia.

13. Kongo imewahi kuwa na gavana wa njia kama yake?

Aliye karibu zaidi ni Malangu Kabedi Mbuyi, mwanamke wa kwanza kuongoza BCC, 2021 hadi 2025, aliyetoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Kabla yake kulikuwa na Deogratias Mutombo Mwana Nyembo tangu 2013, na kabla yake Jean-Claude Masangu, mtu wa mabenki ya biashara, aliyekaa tangu 1997. André Wameso aliteuliwa 2025.

14. Mbona unga unapanda hata taux ikitulia?

Kwa sababu unga wetu unapita Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka hapa. Mwanzoni mwa 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yakawa adimu kwao, na meka (kipimo cha sokoni) ya unga katika soko la komini yetu ya Kenya ikapanda bila franka kufanya kosa lolote. Ongeza kwacha, pesa ya Zambia, ongeza mizani ya barabarani na watu wanaodai chao mpakani. Ni yaleyale ya swali la 9.

## Maswali ya pembeni

15. Benki «huru»: kwani rais hawezi kumfukuza gavana?

Tazama ng'ambo ya mpaka. Denny Kalyalya, mwanauchumi aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji katika bodi ya Benki ya Dunia, aliondolewa Benki Kuu ya Zambia Agosti 2020 katikati ya muhula. Mwezi Novemba Zambia ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake za nje. Sisemi la kwanza lilizaa la pili. Madeni yalikuwa ya zamani. Lakini wakopeshaji waliiona ishara. Rais Hichilema alipoingia, alimrudisha.

16. Ni kweli Katanga ilikuwa na benki kuu yake?

Kweli. Wakati wa kujitenga, 1960 hadi 1963, Katanga ilikuwa na benki ya taifa na franka yake, na sarafu za 1961 zilichorwa msalaba wa shaba. Ziliisha pamoja na kujitenga kwenyewe.

17. Ndulu alifanya nini baada ya kutoka?

Alirudi kwenye utafiti. Alishirikiana na Stefan Dercon wa Oxford kuongoza kitaaluma tume iliyochunguza jinsi teknolojia mpya zinavyoweza kuwafaa maskini. Kiti chake BoT kilikwenda kwa Profesa Florens Luoga, mwanasheria.

18. Mwanangu anataka njia hii. Aanze wapi?

Hisabati asiikimbie, na takwimu zaidi. Kifaransa cha kuandika ripoti anacho. Atafute Kiingereza cha kusoma. Asidharau kazi ya kukusanya bei, kwa sababu gavana asiyejua bei ilivyopatikana hudanganywa na wasaidizi wake.

Akitaka kuanza sasa, aje na daftari. Kila Jumamosi kabla ya kikao tunaandika vitu vitatu: meka ya unga soko la Kenya, dola kwa kambista, kwacha kwa wanaotoka Kasumbalesa. Zamu ya sokoni ya wiki ijayo bado haina mtu.